Sukari ya Jioni Niliyoipima Asubuhi

Namba zote nilizoandika kwenye daftari lile zilikuwa sahihi. 5.1. 4.8. 5.6. Sikubuni hata moja. Nilitoboa kidole, tone likagusa stripu, mashine ikahesabu, nikaandika kwa wino wa bluu: tarehe kushoto, kipimo kulia. Mimi ni mwalimu wa hisabati, safu zangu hazipindi. Na safu hizo zilizonyooka ndizo zilizomfikisha dada yangu wodini akiwa hajui yuko wapi.

Dada ni fundi cherehani. Ananizidi miaka tisa, na tangu afiwe na mumewe tunakaa nyumba moja hapa Tanga. Aliugua limfoma, saratani inayoanzia kwenye mitoki. Dawa alizopangiwa Dar es Salaam ni mchanganyiko wa siku nyingi ambao madaktari wanauita CHOP: siklofosfamaidi, doksorubisini na vinkristini, zinazoingia mshipani kwa siku moja, halafu prednisoloni ya vidonge kwa siku tano. Baada ya hapo mgonjwa anapumzika mpaka zitimie siku 21, mnapanda basi tena. Mizunguko sita.

Katika dawa hizo nne, prednisoloni ndiyo tuliyoiogopa kidogo kuliko zote. Zile za mshipani zina vitisho vyao. Doksorubisini ni nyekundu na inageuza hata mkojo kuwa mwekundu, vinkristini inatia ganzi vidole. Prednisoloni ni vidonge vidogo ambavyo nusu ya mtaa imeshawahi kupewa kwa pumu au kwa muwasho. Tofauti ni kiasi. Kidonge kimoja ni miligramu 5, na dada alitakiwa kumeza miligramu 100 kila asubuhi. Vidonge ishirini. Nilivipanga kwenye kisahani cha chai, vinne vinne, mistari mitano, naye akavimeza mstari kwa mstari baada ya uji. Mwili wa mtu mzima hujitengenezea homoni ya jamii hiyo, kwa siku nzima, kiasi kinacholingana na kidonge kimoja hivi. Hilo sikulijua wakati ule. Lakini kisahani kilichojaa vidonge nilikiona kwa macho yangu, na hakikunishtua.

Nesi wa kliniki alituonya mapema. Alisema dawa hizi zinapandisha sukari hata kwa mtu ambaye hajawahi kuwa na kisukari, na kwamba siku za vidonge tumpime mchana au jioni. Akaigeuza kadi ya matibabu akayaandika maneno hayo nyuma yake. Nikamshukuru, nikamwambia asiwe na wasiwasi, mashine ninayo nyumbani.

Mashine ilikuwa ya marehemu baba. Baba aliishi na kisukari miaka mingi, na mpimaji wake nilikuwa mimi: alfajiri, kabla hajatia kitu mdomoni, kila siku ya Mungu. Kwa hiyo nilijiona mzoefu. Nilijua kwamba kipimo cha kabla ya kula kikifika 7.0 ni kisukari, nilijua kutoboa ubavu wa kidole badala ya nchani, nilijua mengi kiasi cha kutosikiliza. Nikajiambia kwamba nesi anataja jioni kwa sababu watu wengi hawawezi kuamka mapema, na mimi naweza. Isitoshe, jioni nabaki shuleni na wanafunzi wa masomo ya ziada, na stripu si kitu cha kuchezea. Nikachagua saa kumi na mbili asubuhi. Sikumuuliza nesi. Sikumuuliza mtu yeyote.

Sasa nieleze kilichokuwa kikitokea, maana hata leo nikiwasimulia watu waliouguza kisukari majumbani mwao huwa wanadhani nimechanganya. Prednisoloni inalisukuma ini kumwaga sukari kwenye damu, na papo hapo inaifanya misuli isiisikie insulini. Kongosho nalo linaelemewa, halitoi insulini ya kutosha kufidia. Lakini haya yote hayaendi kwa kasi moja mchana na usiku. Dawa ikimezwa asubuhi, sukari inaanza kupanda kuelekea mchana, inashika kilele alasiri na jioni, kisha usiku nguvu ya dawa inalegea na mgonjwa hali kitu. Kunapokucha anaweza kuwa na sukari nzuri kabisa. Kisukari cha baba kilionekana alfajiri. Hiki kinajificha alfajiri. Miongozo ya kitabibu ya Uingereza inasema wazi kwamba anayemeza steroidi, yaani dawa za jamii ya prednisoloni, asubuhi apimwe kabla ya chakula cha mchana au cha jioni, au saa moja hadi mbili baada ya kula. Nesi wetu alikuwa ameshasema hivyo kwa Kiswahili, bure.

Mzunguko wa kwanza ukapita, daftari likajaa namba za kupendeza. Wa pili nao. Wakati huohuo mwili wa dada ulikuwa ukisema mambo mengine, na mimi nilikuwa na jibu kwa kila moja. Aliona kiu. Nikasema ni kaskazi. Tanga mwezi wa kumi na mbili nani haoni kiu? Aliamka kwenda msalani mara kwa mara usiku. Nikasema ni sawa, si tuliambiwa anywe maji mengi siklofosfamaidi isimchome kibofu? Na kweli tuliambiwa. Aliacha kuona tundu la sindano, akawa anamwita binti wa jirani amtungie uzi. Nikasema ni ganzi ya vidole, vinkristini hiyo, ingawa mwenyewe alisema ni macho. Alikonda mapaja huku anakula kuliko mimi. Nikasema ni saratani. Ulimi ukafanya utando mweupe. Nikasema ni kemo. Kila dalili niliikuta tayari ina mwenyewe, na wenyewe hao walikuwa wa kweli, ndiyo ugumu wa jambo hili. Dawa za saratani zinaleta uchovu, zinaleta vidonda vya mdomo, zinakondesha. Sukari ikija katikati ya hayo haihitaji kubisha hodi.

Na tulikuwa tunailisha. Prednisoloni inaleta njaa, na katika nyumba ambayo mgonjwa alikuwa hagusi chakula, njaa ilikuwa sherehe. Boflo na chai ya maziwa, uji wa ulezi uliokolea sukari, vitumbua. Wageni walikuja na mapakiti ya glukosi, chupa za asali na soda, kama wageni wanavyofanya. Kiu ilipomzidi nilimtengenezea juisi ya ukwaju, jagi zima, nikaikoleza ili apate nguvu. Sukari ya damu ikipita 10 hivi figo zinashindwa kuirudisha yote, inamwagika kwenye mkojo na kuvuta maji pamoja nayo. Mtu anakojoa, anakaukiwa, anatafuta kinywaji. Kinywaji nilikuwa nacho mimi, kwenye jagi.

Jirani yetu mmoja, mama wa makamo anayeuza mkaa, alinishika mkono mlangoni akasema, "Mwalimu, mpunguzie dada yako sukari. Saratani inakula sukari." Nikacheka. Nikamweleza, kwa sauti ile ninayoitumia darasani, kwamba hayo ni maneno ya mitandaoni, kwamba seli zote za mwili zinatumia sukari na kumnyima mgonjwa chakula ni kumuumiza. Sababu yake haikuwa sawa. Ushauri wake ulikuwa sawa. Nilishughulika na sababu, nikaurudishia ushauri mlango, na baada ya hapo mtu yeyote aliyetaja sukari ndani ya nyumba ile nilimhesabu upande wa mama muuza mkaa.

Kuna jambo baya zaidi ya hilo, na ndilo lililonifanya niandike.

Jioni moja nilipima. Sikumbuki ni kwa nini. Nadhani dada alilalamika kichwa, nami siku hiyo nilirudi mapema. Mashine ikaonyesha 17.8. Dada alikuwa ametoka kumenya embe, vidole vinanata. Nikajua mara moja: juisi ya embe imechanganyika na tone la damu. Jambo hilo hutokea kweli, mtu akipima bila kunawa baada ya kushika tunda anaweza kupata namba ya uongo. Dawa yake ni rahisi. Unanawa kwa maji na sabuni, unakausha, unarudia. Nilimwambia dada anawe. Akanawa. Sikurudia.

Nilihesabu stripu zilizobaki nikaona nizitunze. Na ile namba sikuiandika, kwa sababu ilikuwa ya makosa, na daftari langu halikuwa na makosa. Kesho yake alfajiri nikapata 5.4, nikaiandika, nikafurahi kwamba nilikuwa sahihi.

Mzunguko wa nne, siku ya mwisho ya vidonge, dada alilala tangu adhuhuri. Nilipomwamsha magharibi aliniita kwa jina la baba. Ngozi ya mkono wake ukiifinya ilibaki imesimama. Nikachukua mashine, nikatoboa, ikatoa herufi mbili, H na I, bila namba. Nikadhani imekufa. Nikabadilisha betri. Nikapima tena, herufi zilezile. Nikabadilisha stripu. Kwa mashine nyingi za nyumbani herufi hizo maana yake ni kwamba sukari imepita 33.3, mwisho wa uwezo wake wa kuhesabu, na maelezo hayo yamo kwenye kijikaratasi ambacho kilikuwa kwenye boksi tangu enzi za baba. Nilipoteza muda nikitengeneza mashine nzima.

Bajaji ilitufikisha hospitali. Maabara walipata 41. Damu haikuwa na asidi, kwa hiyo haikuwa ile hali inayowakumba wagonjwa wa kisukari cha utotoni. Ilikuwa ile nyingine, ya sukari kupanda siku baada ya siku huku mwili ukikauka, mpaka ubongo wenyewe unakosa maji. Walimwekea dripu kwanza, kisha insulini kidogokidogo, na potasiamu, kwa sababu insulini inaposhusha sukari inaishusha na potasiamu pia. Walimkuta na maambukizi kwenye mkojo, na kinga ya mtu aliye katikati ya kemo si ya kutegemea.

Usiku ule daktari wa zamu aliuliza kama tuna kumbukumbu zozote za sukari. Nilikuwa nimelibeba daftari. Hata katika mkanganyiko ule sikulisahau. Nikampa kwa mikono miwili.

Akafungua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akapitisha kidole kwenye safu ya kulia kuanzia juu mpaka chini.

"Hizi zote ni za saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili asubuhi, daktari. Kabla hajala."

"Na vidonge anameza saa ngapi?"

"Saa mbili, akishakunywa uji."

Hakuongeza neno. Na mimi, ambaye kazi yangu ni kutoa namba moja kwenye nyingine, nikatoa. Kutoka saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili alfajiri ya pili ni saa ishirini na mbili. Kila siku nilikuwa nasubiri saa ishirini na mbili, dawa ichoke, dada afunge usiku kucha, ndipo nije na mashine yangu niulize kama kuna tatizo. Kidato cha tatu nawafundisha takwimu. Nawafundisha kwamba ukichagua mahali pa kutazama, umeshachagua utakachokiona. Nilikuwa nimesimama kwenye korido ya wodi, jasho linanitoka mgongoni, nikiwaona wanafunzi wote niliowahi kuwakata alama kwa kosa hilihili. Kisha embe likanijia. 17.8. Namba pekee ya kweli niliyowahi kuipata jioni, na ndiyo pekee isiyokuwemo.

"Mliambiwa mpime asubuhi?" daktari akauliza.

Nikasema ndiyo.

Alipoandika barua ya kupeleka Dar es Salaam aliandika hivyohivyo: ndugu waliagizwa kupima asubuhi kabla ya kula. Akaifunga kwenye bahasha, akanikabidhi.

Gharama zake ni hizi. Dada alikaa wodini zaidi ya wiki. Mzunguko wa tano ulicheleweshwa, na kwa limfoma ya aina yake ratiba ni sehemu ya dawa. Fedha alizokuwa ameweka kununua cherehani ya umeme ziliishia kwenye vitanda, vipimo na nauli. Magauni ya harusi aliyochukulia malipo ya awali yalishonwa na fundi mwingine. Macho yake yalitulia baada ya wiki kadhaa, sukari iliposhuka. Mimi hakuna aliyenidai chochote.

Alipopata nafuu nilimweleza habari ya saa za kupima. Alisikiliza akiwa ameegemea mto, akasema, "Yaani mdogo wangu, mwizi anakuja jioni, wewe unakesha alfajiri na rungu." Akacheka mpaka akakohoa. Habari ya embe na ya barua sikumwambia siku hiyo.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kuacha vidonge. Kama ndivyo vinavyopandisha sukari, visimezwe. Daktari alinikatalia kabla sijamaliza sentensi. Katika limfoma prednisoloni si dawa ya kusindikiza nyingine. Yenyewe inaua seli za saratani. Kilichofanyika ni kumpa insulini ile yenye ukungu, inayoviringishwa kati ya viganja kabla ya kuvutwa kwenye sindano, achome asubuhi pamoja na vidonge, kwa kuwa nguvu yake inapanda na kushuka mle mle inamopanda na kushuka sukari ya prednisoloni. Ila vidonge vikiisha siku ya tano insulini nayo lazima ipunguzwe kama walivyoelekeza, la sivyo sukari itaporomoka, na kuporomoka kunaua haraka kuliko kupanda.

Kipimo kile cha miezi mitatu, ambacho watu wa kisukari wanakijua, hawakukitegemea. Dada alikuwa na upungufu wa damu na alishaongezewa damu. Ukishachanganya damu ya watu wengine jibu lake haliaminiki.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuuliza kwenye mabenchi ya kliniki, na nimegundua kwamba wengi wanaomeza au kuchomwa dawa zinazopandisha sukari hawajui wanachopewa. Deksamethasoni, ambayo wagonjwa wengi wa kemo hupewa kuzuia kutapika, ni ndugu wa prednisoloni na ina nguvu zaidi yake: miligramu 0.75 zinalingana na kidonge kizima cha prednisoloni cha 5. Watoto wa leukemia wanapewa steroidi pamoja na asparajinesi, nayo inapandisha. Everolimusi inapandisha, na alpelisibu ya saratani ya matiti inapandisha sana. Dawa za kuamsha kinga, kama pembrolizumabu, mara chache huzifuta kabisa seli za kongosho zinazotengeneza insulini, na anayepatwa na hilo hawi na kisukari cha siku tano, atachoma insulini maisha yake yote. Kila moja ina saa zake na namna yake. Muulize aliyekuandikia.

Basi la Dar es Salaam linaondoka alfajiri. Bahasha ilikuwa kwenye mfuko wangu wa shati, dada kando yangu dirishani. Tulipopita Segera nikamwambia habari ya 17.8. Tulipofika Chalinze nikamwambia habari ya barua. Aliniangalia muda mrefu. "Yule binti alituandikia kwenye kadi," akasema. "Kwa mkono wake." Hakunisemesha tena mpaka tunashuka.

Nesi alikuwa yuleyule. Kabla hajafungua bahasha nikamwambia kwamba ndani kuna uongo, na uongo ni wangu, na kwamba yeye alituagiza sawasawa. Aliisoma barua mpaka mwisho. Hakunikaripia, na hakuniambia kwamba si kitu. Aliniuliza ile 17.8 ilikuwa tarehe ngapi, kwa sababu kama ilikuwa mzunguko wa pili, mizunguko miwili mizima ilipita bila matibabu, na kama ilikuwa wa tatu, ni mmoja. Sikuwa na tarehe. Dada alisema ni wa pili, maembe yalikuwa bado rahisi sokoni. Mimi naona ni wa tatu, lakini mimi ndiye niliyekuwa na kalamu na sikuandika. Akaandika kwenye faili: 17.8, jioni, tarehe haijulikani. Kisha akauliza ni nani atakayempima kuanzia sasa, nami nikafungua mdomo, dada akanitangulia.

Mizunguko iliyobaki alijipima mwenyewe. Matibabu yalipoisha sukari ilirudi chini ikatulia, ingawa ameambiwa apime kila mwaka, maana aliyewahi kupandishwa sukari na steroidi yuko karibu zaidi na kisukari chenyewe. Daftari lake ninalo hapa. Safu zimepinda, tarehe nyingine ziko juu ya nyingine, na namba mbaya zimo zote: 14.2, 16.0, 12.7. Kwenye ukurasa mmoja kuna 19.1 imekatwa kwa mstari mmoja, bado inasomeka, na pembeni yake ameandika: nilishika papai, nimenawa, nimerudia, 9.3.